Kasri na Walio Nje ya Kasri: Swali la Dola katika Fasihi ya Mapinduzi

Neno dola limeingia katika Kiswahili kwa milango miwili. Kwa mlango wa kwanza lilitoka katika Kiarabu, ambamo mzizi wake unahusu kuzunguka na kupokezana. Kabla ya kuwa jina la utawala lilikuwa jina la zamu, la bahati iliyomtoka mmoja ikamwangukia mwingine. Kwa mlango wa pili lilikuja pamoja na sarafu ya Marekani, na leo mtu akisikia kwamba fulani ameshika dola hana budi kuutazama muktadha ndipo ajue ni dola ipi. Mwanaisimu atasema kwamba huu ni usadifu wa sauti tu, naye hakosei. Hata hivyo, mkulima wa karafuu wa Pemba hajapata kuzitenganisha dola hizo mbili kwa wepesi kama kamusi inavyozitenganisha.

Neno mapinduzi nalo lina picha yake. Chombo hupinduka baharini. Mkeka hupinduliwa, na aliyeupindua huukuta ni mkeka uleule, ila sasa anatazama upande wake wa chini. Kwa hiyo anayetaja mapinduzi ya dola ametaja, pengine bila kukusudia, migeuko miwili iliyofuatana, na hakuna hata mmoja kati yake unaoahidi kwamba kilichogeuzwa kitakuwa kitu kingine. Katika siasa za Kenya fikra hiyo imepata tafsiri ya mtaani iliyo wazi kuliko nadharia nyingi: wakati wetu wa kula umefika. Anayesema hivyo huenda hajui Kiarabu cha kale, lakini amelirudisha neno kwenye asili yake.

Yote haya yanahusu swali ambalo wanamapinduzi wa kijamaa wamelibishania kwa zaidi ya karne moja, nalo ni kama wavujajasho wanaotaka kuibadili jamii hawana budi kwanza kuitwaa dola. Katika idara za sayansi ya siasa swali hili hujibiwa kwa kurejelea Paris na Petrograd. Makala haya yanadai kwamba fasihi ya Kiswahili ina ushahidi wake katika shauri hili, ushahidi uliotolewa na watu walioiona dola ikitwaliwa, baadhi yao wakafungwa nayo, na kwamba uhakiki wa Afrika Mashariki umeusikiliza nusu tu.

Nasaba ya swali lenyewe yaweza kuelezwa kwa ufupi. Baada ya Komuni ya Paris ya mwaka 1871, iliyodumu kwa siku 72, Marx alikiri kwamba tabaka la wafanyakazi haliwezi kuichukua mashine ya dola kama lilivyoikuta na kuitumia kwa malengo yake. Lenin, akiwa mafichoni mwaka 1917, aliandika kitabu kizima kulifafanua neno hilo: mashine ivunjwe, mahali pake pachukuliwe na mabaraza ya wafanyakazi na askari. Miaka minne haijatimia, Machi 1921, chama kilichotwaa dola kwa jina la mabaraza kikawapiga risasi mabaharia wa Kronstadt waliodai uchaguzi mpya wa mabaraza hayohayo. Tangu wakati huo kambi mbili zimebaki zikitazamana. Ya kwanza husema kosa halikuwa kutwaa dola bali mazingira ya njaa na vita. Ya pili husema kosa lilikuwa papo hapo kwenye kutwaa. Kambi hiyo ya pili ilipata nguvu mpya baada ya uasi wa Wazapatista huko Chiapas, Mexico, mwaka 1994, na John Holloway akaitetea katika kitabu chake cha mwaka 2002 kuhusu kuibadili dunia bila kutwaa mamlaka. Kambi zote mbili zina hoja. Lakini zote zina tabia ya kuizungumzia dola kana kwamba ni kitu kilichowekwa mahali fulani, ambacho mtu huchagua kukiendea au kukipisha.

Zanzibar ilikuwa na mahali hapo hasa. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Januari 1964, watu wenye mapanga, mikuki na pinde walivamia vituo vya polisi vya Ziwani na Mtoni, wakatwaa bunduki zilizokuwamo, na siku hiyohiyo Sultani Jamshid bin Abdullah akaondoka kwa meli. Dola iliyotwaliwa ilikuwa na umri wa mwezi mmoja na siku mbili, kwani uhuru ulikuwa umetolewa tarehe 10 Desemba 1963. Ila mashine yake, yaani polisi, mahakama, magereza, ofisi za ardhi na za karafuu, ilikuwa imejengwa na kupakwa mafuta na Waingereza tangu mwaka 1890. Watu wengi waliuawa katika siku zile, hasa wenye asili ya Kiarabu, na idadi yao inabishaniwa hadi leo. Wachache sana katika historia ya ujamaa wamewahi kuitwaa dola kwa haraka namna ile. Kwa hiyo ikiwa kutwaa ndiko kunakoamua mambo, Unguja na Pemba zilipaswa kutoa jibu lisilo na mashaka.

Msomaji wa Kiswahili huligeukia jibu hilo kupitia Kasri ya Mwinyi Fuad ya Shafi Adam Shafi, iliyochapishwa mwaka 1978. Kwa kawaida riwaya hii imesomwa kama hadithi ya umwinyi na anguko lake: kabaila mvivu na katili, wakulima wanaonyonywa, kisha mapinduzi yanayomvua bwana kasri yake. Usomaji huo si wa uongo. Lakini mhusika anayeibeba riwaya si Fuad, wala si wale vijana wenye siasa. Ni Kijakazi, mtumishi ambaye hata jina lake ni jina la cheo cha utumwa. Kijakazi anamtumikia Fuad kwa moyo wake wote. Anatukanwa na bado anamtetea. Wenzake wanapoanza kunong'ona juu ya dhuluma, yeye huona kuwa wanaoharibu dunia ni hao wanaonong'ona. Na jambo ambalo msomaji mwepesi huliruka ni kwamba mwamko wake unachelewa kuliko mapinduzi yenyewe. Serikali imekwisha kuanguka, na Kijakazi bado ni wa Fuad.

Hapa Shafi ameona jambo ambalo wananadharia wa kambi zote mbili hawakulipa uzito. Utawala wa Fuad hauko katika kuta za kasri. Uko katika mikono ya Kijakazi inayojua, bila kuamriwa, saa ya kuandaa chai. Ukilitwaa kasri usiku, mikono hiyo itaamka asubuhi na kumtafuta wa kumwandalia. Mwandishi ameliona tatizo, lakini riwaya, kwa kuwa ilitaka kumaliza safari yake katika matumaini, inaukabidhi utatuzi wake kwa serikali mpya inayofika shambani. Kijakazi anazinduliwa na kitu kinachotoka nje yake. Ndiyo maana kurasa za mwisho zinasomeka kwa kasi zaidi kuliko zile za mwanzo, na si kwa sababu ya ufundi. Ni kwa sababu lililobaki kusimuliwa lilikuwa gumu kuliko riwaya ilivyoruhusiwa, au ilivyojiruhusu, kusema.

Lililobaki ni nini? Mwezi Machi 1964 ardhi yote ya Zanzibar ilitangazwa kuwa mali ya serikali, na kuanzia mwaka 1965 maelfu ya familia zilipewa eka tatu kila moja. Lilikuwa jambo kubwa, na mhakiki asiyelitambua hivyo hajapata kuishi katika shamba la mtu mwingine. Walakini mpewa hakumiliki. Alikaa kwa idhini. Karafuu alizochuma hakuwa na ruhusa ya kumwuzia amtakaye. Chini ya Waingereza kulikuwa na Chama cha Wakulima wa Karafuu, kilichopewa ukiritimba wa kununua zao hilo katika miaka ya 1930 hata wafanyabiashara wa Kihindi wakasusia biashara. Serikali ya mapinduzi haikuivunja mashine ile. Iliipokea, na mwaka 1968 kazi yake ikashikwa na Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar, lililomlipa mkulima sehemu ndogo ya bei ya soko la dunia na kubakiza iliyosalia katika hazina ya dola. Kwa hiyo zikaanza safari za usiku. Karafuu za Pemba zilivuka kwa ngalawa na mashua hadi pwani ya Kenya, na serikali iliyoundwa kwa jina la wachumaji ikawawinda wachumaji kama wahalifu. Wazee wa Vanga na Shimoni hawahitaji kufundishwa nadharia ya ukiritimba wa dola. Harufu yake waliinusa.

Jambo la pili lililobaki halina harufu, na kwa sababu hiyo limesahauliwa. Chama cha Umma, kilichoundwa mwaka 1963 na Abdulrahman Mohamed Babu na wenzake, kilikuwa kimekusanya vijana na wafanyakazi waliokuwa na fikra za kijamaa zilizopangika kuliko chama kingine chochote visiwani. Miezi miwili tu baada ya mapinduzi kilijivunja na kuingia katika Afro-Shirazi. Vyama vya wafanyakazi navyo, vilivyokuwa vimejengwa kwa migomo na vifungo vya miaka mingi, vikamezwa na chama tawala. Huku bara mambo yalikwenda hivyohivyo mwezi Februari 1964, baada ya maasi ya askari: shirikisho huru la vyama vya wafanyakazi likafutwa kwa sheria na badala yake ikaundwa NUTA, ambayo katibu wake mkuu aliteuliwa na rais. Wengi waliridhika wakati ule. Dola si yetu sasa? Kwa nini mfanyakazi awe na silaha dhidi ya serikali yake mwenyewe? Swali hilo lilikuwa na mantiki safi, na ndilo lililowapeleka waliouliza kwenye magereza.

Babu ni mfano wa kusikitisha kuliko wote. Alikuwa waziri Zanzibar, kisha waziri katika serikali ya Muungano, na mwezi Februari 1972 akaachwa katika baraza. Abeid Karume alipouawa tarehe 7 Aprili mwaka ule, Babu alikamatwa bara na kuzuiliwa hadi mwaka 1978. Mwaka 1974 mahakama ya Zanzibar ilimhukumu kifo, yeye akiwa bado kizuizini bara. Mahakama hiyo iliitwa ya wananchi, na mshtakiwa hakuruhusiwa kuwa na wakili ndani yake. Alipoachiwa aliandika kitabu, kilichochapishwa mwaka 1981, akiukosoa ule uitwao ujamaa wa Kiafrika na kutetea ujamaa wa kisayansi. Hoja zake za uchumi ni kali na nyingi ni za haki. Hata hivyo msomaji hubaki na njaa. Mtu aliyeisaidia dola kuzaliwa, kisha akalala miaka sita katika tumbo lake, alikuwa na la kusema juu ya tumbo hilo ambalo si la uchumi peke yake.

Lilisemwa na riwaya. Haini ya Shafi Adam Shafi ilichapishwa mwaka 2003 jijini Nairobi, miaka zaidi ya 30 baada ya kamatakamata ile ya 1972 ambayo yeye mwenyewe aliionja. Uhakiki mwingi umeitaja kama ushuhuda wa mateso, na ni kweli ni ushuhuda. Lakini ikisomwa baada ya Kasri inakuwa jambo jingine: ni sehemu ile ya pili ambayo riwaya ya 1978 haikuweza kuifikia. Katika Kasri kuna bwana, kuna mtumishi na kuna kuta. Katika Haini kuna mlinzi, kuna mfungwa na kuna kuta. Wanaolinda si makabaila. Ni wana wa wale waliokuwa wakipigwa, nao wanapiga kwa ustadi na hata kwa aina ya unyenyekevu, kwa kuwa wameamriwa na kilicho chao. Kijakazi amepata bunduki na bado anamtafuta wa kumwandalia chai. Huu ndio ushahidi ambao haumo katika Lenin wala katika Holloway, nao haukutokana na nadharia, umetokana na mtu mmoja aliyeandika riwaya mbili kwa umbali wa robo karne.

Katikati yao kuna ya tatu. Kuli ilitoka mwaka 1979, mwaka mmoja tu baada ya Kasri, na kwa mpangilio huo wa kuchapishwa mwandishi anamrudisha msomaji nyuma, kutoka 1964 hadi mgomo wa makuli wa Zanzibar wa mwaka 1948. Rashidi anaipokea kazi ya bandarini kutoka kwa baba yake kama mtu anavyorithi ugonjwa. Katika riwaya hii hakuna dola inayotwaliwa. Mgomo unaanza gatini, unaenea mjini, na mwishowe serikali ya Waingereza iko palepale ilipokuwa. Uhakiki wa Kimaksi wa miaka ya 1970 na 1980, uliozoea kuipima kila riwaya kwa kuuliza kama tabaka la wavujajasho limeshinda, ulielekea kuiona Kuli kama utangulizi: mwamko umeanza, ushindi utakuja mbele. Kwa kipimo hicho Kasri ilikuwa mbele na Kuli nyuma. Kipimo chenyewe ndicho kilichopotoka. Zile kurasa ambamo makuli wanashawishiana, wanaogopana, wanachangishana na kuamua nani atakwenda kuzungumza na nani, ndizo pekee katika riwaya zote tatu zinazoonyesha watu wa chini wakifanya jambo ambalo halikuamriwa na mtu. Hicho ndicho kilichovunjwa mwaka 1964 kwa kupewa jina la ushindi.

Bara, ambako dola haikutwaliwa kwa panga bali ilikabidhiwa kwa sherehe, fasihi iliona mapema zaidi. Katika Mashetani ya Ebrahim Hussein, ya mwaka 1971, vijana wawili, Juma na Kitaru, wanacheza mchezo wa Shetani na Binadamu, na Binadamu anamwua Shetani. Kitaru ndiye aliyecheza Binadamu; anayepaswa kufurahi ni yeye, na yeye ndiye anayeugua. Ugonjwa wake umefasiriwa kwa njia nyingi, na tafsiri inayomwona kama msomi wa tabaka jipya asiyejua alichokirithi ndiyo inayosimama vizuri zaidi. Mtu anayeamini kwamba amemwua shetani hamtafuti tena. Kwa hiyo hamwoni akiwa ameketi sebuleni, juu ya kiti kipya.

Euphrase Kezilahabi alikuwa na subira ndogo kuliko Hussein, na wakati mwingine ukali wake humpunguzia ushahidi. Katika Dunia Uwanja wa Fujo ya mwaka 1975, Tumaini anamwua kiongozi wa serikali kwa sababu ya shamba lake linalochukuliwa, na ananyongwa. Hapo huruma ya mwandishi inayumba, kwa kuwa Tumaini ni bepari mchanga na si mkulima wa kawaida. Gamba la Nyoka ya mwaka 1979 ni nzito zaidi. Wanavijiji wa Kisole na Bucho wanahamishwa kwa nguvu kuingizwa katika kijiji cha ujamaa, kama mamilioni walivyohamishwa hasa baada ya Nyerere kutangaza mwezi Novemba 1973 kwamba kuishi vijijini sasa ni amri. Vijana wasomi, Mambosasa na Mamboleo, wanaamini wanakijenga kitu kipya. Nyoka anavua gamba na anaendelea na safari yake. (Mwaka 2011 chama tawala cha Tanzania kilipotangaza kwamba kinajivua gamba, wasomaji wa riwaya hii walikuwa na haki ya kutabasamu.) Tamthilia yake ya Kaptula la Marx, ambamo rais anavaa kaptula isiyomwenea, ilisubiri hadi mwaka 1999 ndipo ikachapishwa. Inachekesha, ila kicheko chake kinamwangukia mvaaji tu. Aliyeishona kaptula ile, na mwananchi anayeitazama, hawana la kufanya katika mchezo.

Hapo ndipo Kezilahabi, pamoja na ushujaa wake, anapoiachia dola ushindi ambao haikustahili. Kwa sababu palikuwa na wengine wa kusimuliwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1960 vijana wa umoja wa vijana wa TANU, wakiongozwa na Ntimbanjayo Millinga, walianza kijiji huko Litowa, mkoani Ruvuma. Walilima pamoja, wakaanzisha shule ya namna yao, wakajenga umoja wa vijiji vilivyofikia karibu 17, na wakaendesha mambo yao kwa mikutano ya wanakijiji wenyewe. Nyerere aliwapenda, kuna wanaosema kwamba sera yake ya ujamaa vijijini ilijifunza mengi kutoka kwao. Mwezi Septemba 1969 Kamati Kuu ya TANU iliuvunja umoja huo, na mali yake ikachukuliwa. Miaka minne baadaye dola iliwalazimisha watu waingie katika vijiji vya ujamaa baada ya kuwavunjia waliokwisha kuingia kwa hiari. Mwaka 1973 huohuo wafanyakazi wa kiwanda cha mipira cha Mount Carmel, Dar es Salaam, wakiwa wamesoma katika Mwongozo wa 1971 kwamba viongozi wasiwe wajeuri wala wakandamizaji, walimwondoa mwenye kiwanda wakaendesha kazi wao. Walivumiliwa. Wenzao wa kampuni nyingine walipotaka vivyo hivyo, walikuja polisi.

Msomaji wa kambi ya pili atasema: hayo ndiyo tunayoyasema, dola na iachwe. La hasha. Litowa iliiacha dola, na dola haikuiacha Litowa. Kenya, ambako wajamaa hawajapata hata siku moja kuitwaa dola, inathibitisha jambo hilo kwa namna yake. Lanina, katika Kilio cha Haki ya Alamin Mazrui ya mwaka 1981, hataki ikulu; anataka wafanyakazi wa shamba la Delamon wapate haki yao. Mwaka uliofuata mwandishi wake alitiwa kizuizini bila kufikishwa mahakamani. Abdilatif Abdalla hakuwa na jeshi mwaka 1968. Alikuwa na karatasi iliyouliza Kenya inakwenda wapi, nayo ikamgharimu miaka mitatu gerezani. Mashairi aliyoyatunga humo yalitoka mwaka 1973 katika Sauti ya Dhiki, na mwaka 1974 yakapewa tuzo yenye jina la rais ambaye serikali yake ilikuwa imemfunga. Dola hujua kufunga na hujua kutunuku, na hayo yote huyafanya kwa watu ambao hawakuiendea. Kudhani kwamba mtu ataijenga jamii mpya pembeni mwake bila kugusana nayo ni ndoto ya wale ambao polisi hawawafahamu.

Kwa hiyo ushahidi wa fasihi hauikatazi kutwaa dola. Unakataza kitu kingine ambacho kwa kawaida hutokea siku ya pili yake: kukabidhi. Wafanyakazi wa Zanzibar na wa Tanganyika hawakushindwa kwa kuwa viongozi wao waliingia ikulu. Walishindwa kwa kuwa walipoingia, chama cha wafanyakazi, ushirika wa mkulima, gazeti na haki ya kugoma viliingia nao, vikakabidhiwa pamoja na funguo. Nje pakabaki patupu. Mapinduzi yanayoitwaa dola na kuacha nje yake watu walio na vyombo vyao, wanaoweza kuikatalia hata inapowapenda, bado hayajajaribiwa katika nchi za Waswahili, na kwa sababu hiyo hakuna riwaya ya Kiswahili inayoweza kulaumiwa kwa kutoyasimulia. Inayoweza kulaumiwa ni desturi ya uhakiki ya kuzisoma kurasa za mgomo kama ngazi ya kupandia, itupwe mara kasri linapofikiwa.

Mgomo wa Zanzibar haukuzuka peke yake. Mwaka mmoja kabla yake ulikuwapo wa Mombasa. Mwezi Januari 1947, kwa karibu wiki mbili, maelfu ya makuli, wafanyakazi wa reli na watumishi wa majumbani waliacha kazi, na kila siku walikusanyika katika uwanja wa Kiembeni. Pale walikuwa na shirikisho lao, walijadili la kufanya kesho, na waliunda mahakama yao. Waliovunja mgomo walishtakiwa mbele ya wenzao. Haifai kuipamba mahakama hiyo. Mshtakiwa hakuwa na wakili pale Kiembeni, kama ambavyo hangekuwa naye Zanzibar mwaka 1974, na yumkini alitetemeka vilevile. Ila mgomo ulipokwisha, aliyehukumu na aliyehukumiwa walirudi kubeba magunia katika gati moja, kwa ujira mmoja, na kila mmoja alijua mwenzake analala wapi. Rais wa shirikisho hilo, Chege Kibachia, alikamatwa mwezi Agosti mwaka uleule, akapelekwa Kabarnet, na huko alikaa miaka 10.